Kanga ya Pili: Mbeleko Inavyobeba Mzigo kwenye Vilima vya Kolo

Anayepanda kilima cha Mungomi wa Kolo, huko Kondoa, na mtoto wa mwaka mmoja mgongoni anakabiliana na mambo matatu kwa mpigo: mpando mkali wa mawe, jua la uwanda wa kati, na matawi ya miiba yanayoinamia njia. Michoro ya miambani ya Kondoa, ambayo Mary Leakey aliinakili mwaka 1951 na UNESCO ikaiingiza kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, haifikiwi kwa gari mpaka mlangoni. Kipande cha mwisho ni cha miguu. Kwa familia ya Dodoma mjini ni matembezi mazuri ya mwisho wa wiki, na kwangu ndicho kipimo cha kweli cha kibebeo cha mtoto, kwa kuwa kasoro inayojificha kwenye lami ya mjini hujitokeza yote pale.

Wazazi wengi vijana wanaamini kwamba kupanda mlima na mtoto kunahitaji kibebeo cha fremu cha kutoka nje. Siamini hivyo. Mbeleko ya kanga ikiongezewa hatua moja tu inafanya kazi ileile, na kwenye njia kama ya Kolo inaifanya vizuri zaidi. Ila ni lazima kuangalia uzito unapita wapi.

Mama anayeeleka huinama mpaka mgongo uwe kama meza. Mtoto analazwa kifudifudi juu yake, kanga inamfunika, ncha za juu zinapitishwa chini ya makwapa na kukazwa juu ya matiti, zinasokotwa na kuchomekwa. Upande wa chini unavutwa chini ya makalio ya mtoto na kukazwa mbele. Akisimama, mtoto amebanwa kwenye uti wa mgongo wake, hakuna nafasi kati yao. Hapo ndipo ubora wa mbeleko ulipo: mzigo ulio karibu na mwili hauvuti nyuma, na mbebaji hahitaji kujipinda ili kuusawazisha. Mwaka 2007 mtafiti Cara Wall-Scheffler na wenzake walipima nguvu zinazotumika kubeba mtoto na kuona kwamba kubeba mtoto mikononi kunatumia nguvu zaidi kwa wastani wa asilimia 16 kuliko kumbeba kwa kitambaa.

Udhaifu uko kifuani. Kwa ufungaji huo sehemu kubwa ya uzito inaning'inia kwenye mkazo uliozunguka mbavu. Kwenda sokoni Majengo, mjini Dodoma, na kurudi, hakuna atakayeona tatizo. Kwenye mpando, mapafu yanahitaji kutanuka na kanga inayakatalia. Mama anahema kabla miguu haijachoka. Wanaofunga kwa kupitisha ncha moja begani na nyingine chini ya kwapa wanapumua vizuri zaidi, lakini bega moja linabeba karibu kila kitu, na mtoto anaanza kuegemea upande mmoja.

Kanga huuzwa kwa doti, yaani mbili zilizo sawa, na mara nyingi ya pili inabaki kichwani au mkobani. Itoe. Ikunje kwa urefu mpaka iwe mkanda wenye upana wa kiganja na nusu. Ipitishe nyuma, chini kabisa ya makalio ya mtoto, juu ya kanga ya kwanza, kisha ilete mbele na kuifunga fundo la kweli, si la kuchomeka, ikikaa juu ya mifupa ya nyonga. Sasa mtoto amekaa juu ya kitu. Uzito unashuka kwenye nyonga na miguu, yenye misuli mikubwa ya mwili, na kanga ya juu inabaki na kazi nyepesi ya kumzuia asiegemee nyuma. Ilegeze kidogo kifuani, na pumzi inarudi. Mkanda wa nyonga wa kibebeo cha fremu unafanya jambo hilohilo, hakuna siri nyingine ndani yake.

Jambo moja watu hulisahau: kushuka kuna hatari zaidi kuliko kupanda. Wakati wa kupanda mwili unainama mbele na mtoto analala juu ya mgongo, kitambaa kinapumzika. Wakati wa kushuka mwili unanyooka, hata kuegemea nyuma, na kila hatua inakivuta kitambaa kwa kishindo. Mbeleko iliyokaa imara saa nzima ya kupanda inaweza kulegea kwenye hatua chache za kuteremka. Funga upya mkiwa juu, kabla ya kuanza safari ya kurudi.

Kanga ya pamba ina urefu wa kama sentimeta 150 na upana wa 110. Kwa mwanamke mwenye umbo la wastani inatosha, kwa baba mwenye kifua kipana haitoshi, naye atafute kitenge cha yadi 2, ambacho kinakaribia sentimeta 183. Kanga mpya ifuliwe kwanza ili ule ugumu wa dukani uondoke, maana unateleza. Za poliesta ziachwe nyumbani: zinateleza hata zikifuliwa, tena zina joto.

Kwa mtoto mwenyewe, angalia magoti. Aliyeelekwa vizuri ana magoti yaliyo juu kuliko makalio, mapaja yametanuka yakikumbatia kiuno cha mbebaji, na kitambaa kinafika nyuma ya goti moja hadi jingine. Mkao huo unazikalisha nyonga vizuri wakati bado zinakua. Madaktari wa mifupa waliopitia kumbukumbu za miaka 10 za hospitali ya watoto ya Blantyre, Malawi, ambako karibu kila mtoto huelekwa, hawakukuta hata mmoja kati ya zaidi ya watoto 40,000 aliyefanyiwa upasuaji kwa nyonga zisizokaa sawa tangu utotoni. Walichapisha matokeo hayo mwaka 2015. Kinyume chake, kile kibebeo chembamba cha kifuani kinachomwacha mtoto akining'inia kwa msamba, miguu imenyooka chini, sikipendekezi hata kwa safari ya dukani.

Fremu ina sifa zake. Hewa inapita kati ya miili miwili, kuna mahali pa maji, na mtoto wa miaka miwili mwenye kilo 12 anakaa kitako bila kuuvuta mwili wa baba upande. Lakini fremu tupu ina kama kilo 3, na inamweka mtoto mbali na mgongo, juu, kichwa chake kikilingana na cha mbebaji au kukizidi. Pale Kolo michoro iko chini ya miamba iliyochomoza. Mtu mzima anainama kwa kukadiria kimo cha kichwa chake mwenyewe, na kichwa cha mtoto aliye nyuma na juu yake ndicho kitakachogonga jiwe. Miiba nayo inampata wa juu kwanza. Kwenye mbeleko kichwa cha mtoto kiko chini ya bega la mama, kimekingwa na mwili wake.

Anayekuta fremu kwenye mitumba asitazame rangi. Mwezi Mei 2016 kampuni ya Osprey ya Marekani iliagiza virudishwe vibebeo vyake vya Poco vilivyotengenezwa kati ya 2012 na 2014, kwa sababu mtoto mdogo aliweza kuteleza kwenye tundu la mguu. Dawa ilikuwa kipande cha kuongezea kwenye kiti. Bidhaa kama hizo husafiri, na kipande hicho hakilazimiki kusafiri nazo. Ingiza mkono kwenye matundu ya miguu, vuta kila mshono, pinda kila klipu uone kama plastiki imepauka na kupasuka kwa jua.

Na jua lenyewe: mwanzoni mwa Oktoba, saa sita mchana, liko karibu wima juu ya Dodoma na Kondoa, na mti usio na majani hauna kivuli. Anzeni saa 12 asubuhi, muwe mmeshuka kabla ya saa 4. Kofia iwe na kamba ya kidevuni, kwa sababu upepo wa uwanda huu hauachi kofia. Kila nusu saa gusa shingo ya mtoto. Ikiwa na joto na jasho, mfungue, mnyonyeshe, anyooshe miguu.

Baba asiyetaka kufunga kanga amwone fundi cherehani amshonee kibebeo. Kipande cha jinzi au kaki chenye upana wa sentimeta 40 chini na kimo cha 45, mikanda miwili ya kiunoni ya sentimeta 80 kila mmoja, miwili ya mabegani ya sentimeta 170 yenye sponji nyembamba inapokaa begani ili ipishane mgongoni na kufungwa mbele. Kila mkanda uingie ndani ya kitambaa kwa upana wa vidole vinne na ushonwe mraba wenye msalaba katikati, uzi wa nailoni. Kibebeo kikishakamilika, tia ndani yake kilo 15 za mchele, ukivae, panda na kushuka ngazi mara kadhaa, kisha ukague mishono yote mwangani kabla mtoto hajakaa humo.