Nguzo na Tao la Maputo: Ujenzi Kwanza, Urembo Baadaye

Wageni wakipita chini ya tao la maputo kwenye sherehe ya mtaa, kitu cha kwanza wanachokisifu ni rangi. Rangi zinastahili sifa, lakini si zenyewe zilizolifanya tao lisimame wima mpaka giza linaingia. Pambo la ukumbini lina kuta, dari na viyoyozi vya kulilinda. Pambo la barabarani linakabili jua la utosi, upepo wa baharini, vumbi na mikono ya watoto. Ndiyo maana nashikilia kwamba kupamba nje kwa maputo ni kazi ya ujenzi kabla ya kuwa kazi ya urembo, na kwamba mambo mengi tunayoyasifu huwa yameshaamuliwa kabla puto la kwanza halijajazwa.

Kazi ninayoichambua hapa ilifanyika Desemba, Tabata, Dar es Salaam. Wakazi walichanga wafunge mwaka pamoja, na serikali ya mtaa ikaruhusu kipande cha barabara ya vumbi kifungwe kuanzia mchana. Pambo lenyewe lilikuwa tao moja la kuingilia, lenye upana wa mita 4 na kimo cha mita 3, pamoja na nguzo nne za mita 2, mbili kila upande wa jukwaa. Rangi zilikuwa nyeupe na buluu mpauko. Mpambaji alikuwa dada wa mtaa huo huo, akisaidiwa na vijana wachache.

Kuusoma uwanja

Kazi ilianza siku moja kabla, saa kumi jioni, yaani saa ile ile ambayo kesho yake sherehe ingekuwa imepamba moto. Dada alikuja mikono mitupu, na alichokuja kutazama ni upepo, kivuli na ardhi.

Desemba ni msimu wa kaskazi. Asubuhi hewa hutulia, lakini nchi kavu ikishapata joto upepo wa bahari huongezeka nguvu, na jioni ndipo unaposumbua. Ukikagua uwanja saa tatu asubuhi utadhani mahali ni shwari. Barabara ile ilikuwa na maingilio mawili, na mwenyekiti wa kamati alipendelea lile la upande wa dukani kwa sababu linaonekana kwa mbali. Dada alichagua lile jingine, ambako ukuta mrefu wa jirani unakinga upande wa kaskazini mashariki. Uamuzi huo mmoja uliipunguzia kazi mzigo kuliko kamba yoyote iliyofungwa baadaye.

Ardhi nayo ilikuwa na la kusema. Kupigilia vigingi kusingewezekana, kwa kuwa mabomba ya maji ya majumbani yamelazwa juujuu. Kila kitu kingesimama kwa uzito wake.

Hesabu za daftarini

Nguzo ya maputo hujengwa kwa mafungu. Maputo mawili hufungwa shingo kwa shingo yakawa jozi, kisha jozi mbili husokotwa pamoja likapatikana fungu la manne, ambalo hupachikwa kwenye paipu. Maputo ya fungu linalofuata huingia kwenye mabonde ya fungu la chini yake, na yote hushikana bila gundi. Kwa maputo yenye kipenyo cha sentimita 25, kila tabaka likishabanwa hula kama sentimita 18 za kimo.

Kwa hiyo nguzo ya mita 2 inataka matabaka 11, sawa na maputo 44, na nguzo nne zinakula 176. Tao lile, likipimwa kwa kufuata mkunjo wake, lina urefu wa karibu mita 8, ambao ni matabaka 44, na hapo tena ni maputo 176. Jumla ni 352. Dada alinunua pakiti nne za maputo mia mia, yakabaki 48 ya akiba kwa yatakayopasuka. Aliyepiga hesabu hii hakimbilii dukani katikati ya kazi, wala hamletei mteja nguzo mbili fupi na mbili ndefu.

Sentimita 25, wala si 30

Maputo yaliyonunuliwa ni ya inchi 12, yaani kama sentimita 30 yakijazwa mpaka mwisho. Hakuna hata moja lililojazwa mpaka mwisho. Dada alikata tundu la duara la sentimita 25 kwenye boksi la kadibodi, na kila puto lilipotoka kwenye pampu lilipitishwa hapo. Likipita kwa kugusa kingo kidogo, linafungwa. Likikwama, linarudi kupunguzwa. Kijana mmoja alipotaka kulilazimisha lililokwama, aliambiwa kwa upole: "Hilo limenenepa, mdogo wangu. Litoe pumzi kidogo, halafu lipitishe tena." Kazi iliendelea hivyo kuanzia saa kumi na moja alfajiri, puto kwa puto, bila kuruka hata moja.

Faida ya kwanza ya kipimo ni ya macho. Maputo yasiyolingana huifanya nguzo ipinde, kwa sababu upande wenye manene huinuka kuliko mwenzake. Faida ya pili ni ya uhai. Puto la sentimita 30 likijazwa hadi 25 linabeba asilimia 58 tu ya hewa linayoweza kubeba, na ngozi yake inabaki nene kwa zaidi ya mara 1.4 ya ile ya puto lililojaa. Hewa iliyojazwa alfajiri kwenye nyuzi joto 25 ikifika 45 juani hutanuka kwa kama asilimia 7. Puto lililojaa pomoni halina pa kuitia hewa hiyo. Lililoachiwa nafasi linaipokea na kubaki duara.

Joto si adui pekee. Mpira wa maputo hutokana na utomvu wa mti, na ukiwa umevutwa huliwa polepole na jua pamoja na ozoni iliyomo hewani. Dalili yake ni ule mng'ao unaofifia na puto kuanza kuonekana kama limepakwa ukungu. Maputo ya kioo yanayoonyesha ndani hudhihirisha kasoro hiyo mapema, na ya rangi nzito hufyonza joto zaidi. Kwa hiyo nyeupe na buluu mpauko, tena zisizong'aa, zilikuwa chaguo la kiufundi kadiri zilivyokuwa chaguo la kupendeza. Mafuta nayo huudhoofisha mpira. Vijana wote walinawa kwa sabuni kabla ya kugusa chochote, hata yule aliyeapa kwamba mafuta ya nazi aliyojipaka yalikuwa kidogo tu.

Nguzo zilijengewa barazani, juu ya mikeka, kwa sababu ncha ya jani kavu au punje ya kokoto inatosha kulitoboa puto. Zilitolewa nje saa nane mchana. Saa zote zile za jua kali zilipita pambo likiwa kivulini.

Siri ya msokoto

Mistari ya rangi inayoizunguka nguzo kama inapanda ngazi haihitaji ufundi wa mikono peke yake. Inahitaji utaratibu usiovunjwa. Kila fungu lilikuwa na maputo mawili meupe yaliyokaa pamoja na mawili ya buluu yaliyokaa pamoja. Fungu la pili linapowekwa juu ya la kwanza, huzungushwa nusu ya robo mzunguko ili maputo yaingie mabondeni. Likizungushwa kulia kila mara, rangi hupanda kulia, na baada ya matabaka manane mstari unakuwa umeizunguka nguzo mara moja kamili. Ukikosea upande kwenye tabaka moja tu, mstari unavunjika na jicho la mgeni linakwenda hapo hapo.

Nguzo za kulia na kushoto kwa jukwaa zilisokotwa kwa pande zinazopingana, ili mistari ielekeane kama mtu na kioo. Kwa nguzo hilo ni rahisi. Kwenye tao ndipo palipo na mtego. Ukianza kupanga mguu wa kushoto, ukapanda mpaka kileleni na kushuka kulia ukizungusha upande ule ule, msokoto hautabadilika. Miguu yote miwili itaonyesha mistari inayoinamia upande mmoja, na tao litaonekana limelala hata kama chuma chake kimenyooka. Dada alianzia kileleni. Aliweka fungu la katikati, kisha akashuka kushoto kwa kuzungusha upande mmoja na kushuka kulia kwa kuzungusha upande wa pili. Mistari ikakutana juu na miguu ikafanana. Wageni wengi waliona uzuri huo bila kujua umetoka wapi.

Upepo unadai nini

Sasa tufike kwenye kitako, mahali ambapo mapambo mengi ya nje hushindwa. Nguzo ya mita 2 yenye unene wa nusu mita inaupa upepo eneo la mita moja ya mraba. Upepo wa kilomita 36 kwa saa, ambao si wa ajabu jijini Dar es Salaam, utaisukuma kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 6, katikati ya kimo chake, mita moja kutoka chini. Wengi husimamisha nguzo kwenye ndoo ya lita 20 iliyojaa mchanga. Ndoo hiyo ina uzito wa kama kilo 32, na mtu huona inatosha. Lakini kitako chake ni chembamba. Kutoka katikati hadi ukingoni ni kama sentimita 14, na ukizidisha 32 kwa 0.14 unapata 4.5, wakati upepo, kilo 6 mara mita moja, unadai 6. Ndoo inapinduka na mchanga wake.

Dada alitumia matairi ya gari dogo yaliyojazwa zege, paipu ikiwa imesimamishwa katikati, kama yale tunayoyaona yameshika milingoti ya mpira wa wavu. Tairi la kilo 40 lenye sentimita 30 kutoka katikati hadi ukingoni linatoa 12, mara mbili ya kinachodaiwa. Uzito uliongezeka kidogo tu, ila upana wa kitako uliongezeka maradufu, na upana ndio unaoamua.

Tao lilihitaji zaidi ya hapo. Uti wake ulikuwa nondo ya milimita 10. Nondo huuzwa kwa urefu wa mita 12, kwa hiyo moja ilitosha bila kuungwa, na kazi yote ya kuunganisha ikaepukwa. Paipu za plastiki za nyaya za umeme ni nyepesi na rahisi kukunja, lakini kwa urefu huo huyumba sana, na maungio yake huchomoka. Maputo ya tao yanaupa upepo kama mita 4 za mraba, na kwa kasi ile ile msukumo unafika kama kilo 24. Nguvu hiyo ikifanya kazi kwenye kimo cha karibu mita 1.8 inadai kama 43. Matairi mawili yanatoa 24. Ikabidi zifungwe kamba nne kutoka mabegani mwa tao, mbili mbele na mbili nyuma, zikashikiliwa na mwembe, nguzo za geti na matairi mengine. Nguzo ya umeme ilikuwa karibu kuliko mwembe, na dada alikataa katakata isiguswe. Kila kamba ilifungwa kitambaa cheupe ili watoto wasijikwae.

Hesabu hizo hizo zinajibu swali ambalo kamati iliuliza, kwa nini wasitumie gesi ya heli ili tao lielee lenyewe. Puto la sentimita 25 lenye heli huinua kama gramu 5 baada ya kutoa uzito wa mpira wake. Maputo 176 hayafikishi hata kilo moja, na upepo unasukuma kwa kilo 24. Tao la aina hiyo lingelala chini kwa pumzi ya kwanza ya kaskazi. Heli nayo hupenya ngozi ya mpira, na puto la ukubwa huo halimalizi siku likiwa hewani. Maputo yanayokatika kamba yana madhara zaidi. Tarehe 27 Septemba 1986, mjini Cleveland, Marekani, karibu maputo milioni 1.5 yaliachiwa kwa mpigo. Hali ya hewa ikageuka, mvua na upepo vikayarudisha chini, yakatapakaa Ziwa Erie na kuwatatiza waokoaji waliokuwa wakiwatafuta wavuvi wawili. Pambo la hewa ya kawaida, lililofungwa chini, linabaki mikononi mwa aliyelitengeneza.

Matengenezo na usafi

Maputo kadhaa yalipasuka jioni ile, kama ilivyotarajiwa. Hakuna nguzo iliyofumuliwa. Puto la akiba lilijazwa kasoro kidogo, likasukumwa kwenye pengo, na shingo yake ikafungwa kwenye shingo ya jirani yake. Vipande viliokotwa papo hapo, kwa sababu mtoto mdogo akikitia mdomoni kinaweza kumziba koo, na mbuzi wa mtaani hachagui. Usiku maputo yote yalitobolewa shingoni, yakahesabiwa kwenye gunia, na nondo na matairi vikarudi stoo kusubiri kazi nyingine.

Kamati nyingi humlipa mpambaji kwa kuhesabu maputo yanayoonekana. Hapo humnyima malipo ya sehemu iliyobeba kazi: ukaguzi wa jana yake, kipimo cha boksi, kuamka alfajiri, zege na kamba. Ukimwita mpambaji wa sherehe ya nje, kabla ya kuzungumzia rangi mwulize atakuja lini kuutazama upepo, atajaza maputo kwa kipimo gani, na nguzo zake zitasimama juu ya nini. Akikujibu yote matatu bila kubabaika, umempata fundi, na fundi alipwe ujira wa ufundi.