Sifa ya Mchezaji wa Raga ya Ligi

Kazi ya mikono husifiwa na kazi ya akili hutukuzwa, lakini kazi ya mchezo, kwa kuwa hufanyika mbele ya macho ya watu waliokuja kustarehe, aghalabu hudhaniwa kuwa ni starehe ya anayeifanya pia. Na siku mchezaji anapodai ujira, hawakosekani watu wa kumwita mroho, kana kwamba jasho la seremala lina thamani na jasho lake halina. Dhana hiyo ni kongwe na imeenea katika nchi nyingi, wala sijui hoja ya kuivunja iliyo bora kuliko kisa cha raga ya ligi, mchezo wa watu 13 kila upande uliozaliwa katika miji ya migodi na viwanda ya kaskazini ya Uingereza. Wasomaji wetu wanaijua raga ya watu 15, na ile ya watu 7 ambayo kwayo Kenya ilitwaa ubingwa wa Singapore mwaka 2016; hii ya watu 13 ni ndugu yao, na ugomvi uliowatenganisha ulikuwa ugomvi wa ujira.

Katika miaka ya 1890, wengi wa waliocheza raga Yorkshire na Lancashire walikuwa wachimba makaa ya mawe, wafumaji wa viwandani na makuli wa bandarini, watu waliofanya kazi hadi mchana wa Jumamosi. Nao walipotakiwa kusafiri kwenda kucheza walikosa kibarua, na aliyekosa kibarua alikosa posho. Klabu zao ziliomba ruhusa ya kuwafidia saa walizozipoteza, wala hazikuomba zaidi. Wakuu wa mchezo waliokuwa London, ambao wachezaji wao walikuwa waungwana wenye mali au wenye kazi zisizowabana, walikataa mwaka 1893 kwa hoja kwamba fedha huunajisi mchezo. Na hoja hiyo ni nyepesi kutamkwa na mtu ambaye hana shaka na chakula chake cha jioni. Basi tarehe 29 Agosti 1895 wajumbe wa klabu za kaskazini walikutana katika Hoteli ya George mjini Huddersfield, wakajitenga, wakaunda umoja wao, wakaweka fidia ya shilingi 6 kwa siku ya kazi iliyopotea. Na mwaka 1898 wakahalalisha malipo ya wazi, kwa sharti kwamba mchezaji awe na kazi nyingine inayojulikana. Walioasi waliadhibiwa vikali, kwani aliyekwenda kucheza huko kwa ujira alifungiwa mlango wa raga ya ridhaa. Mwaka 1995, karne nzima baada ya mkutano wa Huddersfield, raga ya watu 15 nayo iliruhusu wachezaji wake walipwe, na jambo lililokuwa dhambi likawa desturi.

Waliojitenga waliutengeneza mchezo upya, ili mlipa kiingilio apate haki ya fedha yake. Mwaka 1906 wachezaji walipunguzwa kutoka 15 hadi 13, uwanja ukapata nafasi ya kukimbia, na ikawekwa kanuni ambayo kwangu mimi ndiyo roho ya kazi hii: mwenye mpira akishikwa na kuangushwa, hagombaniwi katika lundo la miili, bali huachiliwa, akasimama kwa miguu yake, akawaelekea wale waliomwangusha, akauweka mpira chini, akausukuma nyuma kwa unyayo ili mwenzake auchukue. Zamani upande mmoja uliweza kuuzuia mpira kwa muda wowote ulioweza. Baadaye, tangu mwaka 1966, ikawekwa hesabu ya kuangushwa, kwanza mara 4, kisha mara 6, na hesabu ikitimia mpira huwa wa wapinzani. Kwa mikono mpira hautupwi mbele. Hupitishwa ubavuni au nyuma, na timu huendelea mfano wa wapiga makasia, ambao migongo yao ndiyo inayoelekea waendako.

Hapa ndipo ufundi ulipo, na hapa ndipo mtazamaji mgeni hudanganyika akaona nguvu tupu. Mkabaji stadi hamvamii mwenzake kwa ghadhabu, maana ghadhabu hupofusha. Huinama akiwa ameinua macho, huweka kichwa chake upande ulio salama wa kiuno cha mkimbiaji, hupiga kwa bega, hufumba mikono, kisha huendelea kusukuma kwa miguu mpaka mzigo ulale chini. Na anayelifanya hilo vibaya huumia yeye kabla ya kumuumiza mwingine. Mchezaji wa katikati ya safu ya mbele aweza kuangusha watu mara 40 katika dakika 80, na baada ya kila mara hana ruhusa ya kubaki chini akijihurumia, kwani sharti arudi nyuma mita 10 na kusimama tena katika mstari pamoja na wenzake. Mtu wa aina hiyo huenda asitajwe gazetini hata mara moja, ila wenzake humjua, na akikosekana siku moja ukuta mzima huonekana una ufa. Winga naye, anayesimama ukingoni mwa uwanja katika baridi na matope, aweza kukaa robo saa bila kuugusa mpira, halafu akapewa nafasi moja iliyo nyembamba, ambamo yampasa amzunguke mtu, amsukume wa pili kwa kiganja, na kuruka na kuutuliza mpira katika pembe, yaani kufunga trai, kabla mguu wake haujagusa chokaa.

Nikitakiwa kumtaja fundi mmoja wa kazi hii sitasita kumtaja Billy Boston. Alizaliwa mwaka 1934 katika mtaa wa Butetown, Cardiff, maarufu kwa jina la Tiger Bay, ambako mabaharia wa Kisomali, wa Yemen, wa Afrika Magharibi na wa visiwa vya Karibi walikaa jirani na kuoana na wenyeji. Baba yake alikuwa mtu wa Sierra Leone. Kijana huyo alitamani kuichezea klabu kubwa ya mji wake na baadaye nchi yake ya Wales, lakini klabu haikumwita, na jezi ya Wales katika raga ya ridhaa ilikuwa haijapata kuvaliwa na mtu mweusi. Mwaka 1953, alipokuwa na umri wa miaka 18 na akilitumikia jeshi kwa sheria ya wakati ule, viongozi wa klabu ya Wigan walifika nyumbani kwao na fedha taslimu wakaziweka mezani. Mama yake, ambaye hakutaka aende, aliwatajia pauni 3,000 kwa kusudi la kuwafukuza, na wao wakazitoa.

Walichokipata kilikuwa zaidi ya walichokitoa. Mwaka 1954, kabla hajatimiza miaka 20 na baada ya mechi chache tu za kikosi cha kwanza, Boston alichaguliwa kwenda Australia na New Zealand na timu ya Uingereza, akafunga trai 36 katika mechi 18. Kwa Wigan, hadi mwaka 1968, alifunga trai 478 katika mechi 488. Na jumla ya trai zake zote ni 571, ambayo haikupitwa isipokuwa na ile ya Mwaustralia Brian Bevan, aliyefunga 796. Alikuwa na kimo cha wastani na uzito wa mtu wa safu ya mbele, na juu ya uzito huo alijaliwa mbio za winga, hata mlinzi aliyemkabili hakujua kama atazungukwa au atapitiwa katikati. Na mbio hizo zisingefaa kitu lau pasingekuwa na Eric Ashton, nahodha aliyecheza ubavuni mwake, ambaye elimu yake ilikuwa kujua nukta ya kuuachia mpira, kwani winga aliyepewa mpira mapema amepewa mzigo, na aliyepewa kwa wakati wake amepewa njia.

Mwaka 1957 timu ya Uingereza ilipotoka katika Kombe la Dunia huko Australia, ilipitia Afrika Kusini kucheza mechi za maonyesho. Na kwa kuwa sheria za ubaguzi wa nchi ile hazikumkubali Boston kwa rangi yake, wenzake walikwenda, naye akarudi Uingereza peke yake. Insafu yanilazimu kusema wazi kwamba siku hiyo mchezo uliozaliwa kwa kudai haki ulinyamaza pale haki ya mtu wake ilipokanyagwa, na fedha ya mechi chache ikapewa uzito zaidi kuliko hadhi ya fundi aliyevijaza viwanja vyake. Lakini ni mchezo uleule ambao mwaka 1972 ulimpa Clive Sullivan, mwana mwingine mweusi wa Cardiff, unahodha wa Uingereza, naye akarudi na Kombe la Dunia. Siyataji haya mawili ili moja lifute jingine. Nayataja kwa sababu sifa isiyobeba lawama inayostahili ni uchuuzi.

Kazi yenyewe ni fupi, na gharama yake ni kubwa. Katika umri wa miaka 30 na kitu, ambapo seremala au mshoni ndipo anapoanza kuaminiwa kazi nzito, mchezaji wa raga hii huwa tayari anaaga, akiwa na magoti yaliyochakaa na vidole vilivyopinda. Na wako waliostaafu waliofikisha mahakamani Uingereza madai ya maradhi ya ubongo, wakisema yametokana na mapigo ya kichwa. Boston alipomaliza kucheza aliendesha baa mjini Wigan, akaishi miongoni mwa watu waliompigia makofi. Mji huo ulimjengea sanamu mwaka 2016, na mwezi Juni 2025, akiwa na miaka 90, alipewa na Mfalme Charles heshima ya Sir, akawa mchezaji wa kwanza wa raga ya ligi kuipata katika miaka 130 tangu mkutano wa Huddersfield. Heshima ya ufalme ilichukua muda huo wote kufika kwa watu ambao kosa lao la kwanza lilikuwa kuomba shilingi 6.

Hukumu yangu, basi, ni kwamba ujira hauharibu mchezo. Kinachouharibu ni ujira wa siri, ujira uliocheleweshwa, na dhana ya kuwa anayelipwa amekwisha uza haki yake ya kuheshimiwa. Katika nchi zetu wako vijana wanaozichezea klabu kwa ahadi, wanaovunjika mguu wakaachiwa wazazi wawauguze, na wanaoambiwa wavumilie kwa mapenzi ya jezi na watu ambao wao wenyewe hawatumiki bure. Sisi tumelelewa katika mafundisho ya kwamba mtenda kazi apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka, na mafundisho hayo hayakumtoa mchezaji. Enyi viongozi wa klabu, andikianeni mikataba na vijana hawa, walipeni kwa tarehe, na mgharimie matibabu yao.