Rangi Isiyopakwa

Kupiga picha kwa hadubini katika nuru iliyopolaraizishwa ni miongoni mwa sanaa latifu zilizobakiwa na wapenzi wachache, ilhali adhama yake haijapungua hata chembe: fundi huitanguliza polaraiza moja chini ya jukwaa, akaiweka ya pili juu ya lenzi na kuikingamanisha na ile ya kwanza hata uwanja wote ukawa giza tupu, kisha fuwele za asidi ya limau zilizogandishwa baina ya vioo zikadhihiri katika giza hilo kwa rangi za yakuti na zumaridi ambazo hapana mkono uliozipaka.

William Nicol wa Edinburgh alipobuni mche wake wa kupolaraizisha nuru mwaka 1828, kwa kukata kalisiti angavu ya Aisilandi na kuiunga tena kwa utomvu wa miti ya Kanada, haukupita muda mrefu William Henry Fox Talbot, aliyekuja kuwa mmoja wa waasisi wa upigaji picha, akaitia miche ya namna hiyo katika hadubini, na mwaka 1834 akaandika habari za aliyoyaona.

Lakini kilichonishika moyo kupita vyote ni kibamba cha jasi, kile kipande kidogo kinachopenyezwa katika mwanya wa hadubini, kikalichelewesha wimbi moja nyuma ya jingine kwa kadiri ya nanomita 550, nalo giza likageuka wekundu wa zambarau uliokolea. Hapo sindano nyembamba ya fuwele, iliyokuwa kijivu, huvaa buluu. Izungushwe robo ya duara, huvaa manjano. Tabibu mjuzi huyasoma mageuzi hayo katika maji yaliyovutwa gotini, akatambua kama maumivu ni ya jongo au ni ya maradhi mengine yanayofanana nayo. Rangi ya namna hii ni shahada. Hata mkata mawe, anayesugua kipande chake mpaka unene wa milimita 0.03, huiuliza kwatzi iliyomo: ikiwa bado ina umanjano hurejea kusugua, mpaka ibakie kijivu na weupe.

Huzuni yangu ni kwamba subira hii inaachwa. Zama hizi mtu hupiga picha upesi, akaitia katika kompyuta, akaikoleza na kuigeuza rangi atakavyo, wala asikumbuke kuandika pembe ya jukwaa au kutaja kama kibamba kilikuwamo. Ndipo tunapoonyeshwa kwatzi ya buluu, nzuri kwa macho, nasi hatuna njia ya kujua kama buluu ile ilizaliwa na nuru iliyopita katika jiwe na jasi, au na kidole cha mtu aliyechoshwa na kijivu.