Kuandika Jambo Likiwa Bado Njiani

Kintinku ipo bondeni, kati ya Bahi na Manyoni, kando ya reli ya kati. Msimu wa mvua huku ni mmoja tu, kuanzia mwishoni mwa Novemba mpaka Aprili, na katikati yake hupita wiki ambazo hakuna anayeweza kuapa kama mwaka huu ni wa neema au wa njaa. Februari hasa. Uwele na mtama vimesimama, mpunga uko majarubani, mawingu yanakuja na kuondoka. Ndipo ofisi zinapotaka ripoti.

Na ripoti ikishakuwa ya mradi wa wafadhili, mara nyingi hutakiwa kwa Kiingereza. Nataka kuusifu ufundi wa mtu anayekaa mezani wakati huo akaandika, kwa lugha aliyoipata darasani, juu ya jambo ambalo halijaisha, bila kusema uongo. Uongo wenyewe upo wa namna mbili. Kuna uongo wa kujifanya unajua, ambao kila mtu anaulaani. Na kuna uongo wa kujifanya hujui, ambao maofisini huitwa busara. Afisa ameyaona majani yakijikunja kwa macho yake, kisha anaandika kwamba hali inaaminika kuwa si ya kuridhisha sana katika baadhi ya maeneo. Anaamini nani? Maeneo yapi? Sentensi ya namna hiyo haina shaka ndani yake. Ina woga.

Mwangalie bibi shamba akiwa na rasimu yake. Ya kwanza anaandika: "The rains have failed." Inasikika vizuri, na magazeti ya Kiingereza yameitumia miaka mingi kila Afrika inapotajwa pamoja na njaa. Lakini leo ni Februari 9, msimu bado una zaidi ya miezi miwili, na sentensi hiyo tayari imeshazika. Anaifuta. Ya pili anaweka "may have failed". Afadhali, ila msomaji wa Dodoma au wa Geneva hajapewa cha kushika. Hata Desemba ingeweza kuandikwa hivyo, na Aprili pia. Anaifuta tena.

Ya tatu ni ndefu, nami naiandika hapa kwa Kiswahili: Hadi asubuhi ya Februari 9 mvua haijanyesha bondeni kwa siku 15. Mpunga uliopandikizwa Januari unajikunja majani saa za mchana, lakini jioni unafunguka. Ikinyesha kabla ya Februari 20, tunakadiria robo tatu itapona. Isiponyesha, majaruba ya juu, yasiyopata maji ya mfereji, ndiyo yatakayotangulia kufa. Hatujafika vitongoji vya ng'ambo ya korongo.

Tazama kazi iliyofanyika humo. Kuna saa ya kutazama, ili msomaji wa wiki ijayo ajue anasoma habari ya lini. Kuna kilichoonwa, tena kwa undani: kujikunja mchana na kufunguka jioni ni dalili ya mmea ulioishiwa maji lakini ambao haujakata tamaa, na anayejua mpunga ataielewa bila kuelezwa. Kuna kadirio, nalo limeitwa kadirio. Kuna tarehe ya hukumu. Na kuna lile ambalo wengi hulificha: mahali ambapo mwandishi hakufika. Neno "labda" halimo hata mara moja, na bado hakuna msomaji atakayedhani kwamba mambo yameshakwisha.

Najiuliza ufundi huo unafundishwa wapi. Mtaala wetu wa Kiingereza wa kidato cha kwanza umekuwa na mada ya kueleza shughuli zinazoendelea. Kila aliyesoma sekondari ya kata anaikumbuka: mama anapika, baba analima, watoto wanacheza mpira. Mambo yanaendelea kweli, lakini shaka hakuna hata chembe, kwa sababu yote yamechorwa kitabuni. Shaka huja siku nyingine, katika orodha ya vitenzi visaidizi, may na might na could, vimepangwa kama ngazi, navyo huambatana na mambo ya kesho: huenda akaja, huenda asije. Sijaona mahali ambapo hivi viwili vinakutanishwa, jambo linaloendelea sasa hivi na ambalo hatulijui vizuri. Maisha ya Kintinku karibu yote yapo hapo.

Na si kwamba mwanafunzi anatoka nyumbani mikono mitupu. Mzee wa hapa ukimsalimia "mbukwenyi", ukamuuliza habari za mvua, hakubahatishii. Atakuambia, "Mwanangu, mawingu tunayaona, mvua hatujaiona." Akiongeza "Mungu akipenda", hiyo ni adabu kwa aliye juu; usiichukue kuwa kipimo. Anajua pia kwamba maji ya bonde hili si lazima yatoke kwenye wingu lililo juu ya kichwa chako: mto Bubu unashuka kutoka nyanda za Kondoa mpaka kinamasi cha Bahi, na jua la Bahi halikuambii lolote kuhusu mvua ya Kondoa. Mtu aliyelelewa na watu wa kusema hivyo hakosi mawazo. Kinachomkwamisha ni kwamba Kiingereza alifundishwa kuwa lugha ya jibu moja sahihi.

Hata wenye Kiingereza chao walichelewa kuujua ufundi huu. Mwaka 1951 wachambuzi wa shirika la ujasusi la Marekani, CIA, waliandika kwamba Yugoslavia kushambuliwa mwaka huo ni "serious possibility". Ofisa mmoja wa wizara ya mambo ya nje alimuuliza Sherman Kent, mmoja wa wakuu wa kazi ile, walikuwa na maana gani. Kent akajibu kwamba yeye aliona kama 65 kwa 35 kuelekea vita. Yule ofisa akashtuka. Alikuwa ameelewa chini ya hapo kwa mbali. Kent aliporudi kwa wenzake walioidhinisha maneno yale, akakuta mmoja alikuwa na 20 kichwani na mwingine 80. Wote walikuwa wametia saini sentensi moja. Mwaka 1964 alichapisha insha akitaka kila neno la kukadiria lipewe tarakimu zake. Wanasayansi wa jopo la Umoja wa Mataifa la mabadiliko ya tabianchi, IPCC, baadaye walifunga mkataba wa namna hiyo: kwao "likely" haiandikwi mpaka uwezekano ufike angalau asilimia 66, na "very likely" asilimia 90.

Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania nayo ina msamiati wake. Karibu na Novemba, inapotoa mwelekeo wa msimu, utasikia "wastani hadi chini ya wastani" na "vipindi virefu vya ukavu". Watu huyacheka maneno hayo, wanaona ni ya kukwepa. Mimi nayaheshimu, maana naona kinachotokea yakipunguzwa. Oktoba 2023 wataalamu wa Kenya walirekebisha utabiri wao: mvua bado ingezidi wastani, ila haikutazamiwa kufikia ile ya El Niño ya 1997. Rais Ruto alipoitangaza, kilichobaki masikioni ni kwamba El Niño iliyotabiriwa haiji tena. Novemba mafuriko yakaja, na mpaka mwaka unakwisha yalikuwa yameua zaidi ya watu 100. Makosa hayakuwa ya utabiri. Sentensi ilikuwa na vyumba viwili, njiani kimoja kikabomoka.

Kwa hiyo mkubwa wa bibi shamba akipiga simu kuuliza, "Sasa niandike ni njaa au si njaa?" ajue kwamba ameshajibiwa: aulize Februari 20, aulize majaruba ya juu. Siku hiyo ikifika, sehemu ngumu zaidi ya ufundi ndiyo inaanza, na hapa wengi huanguka, kwa kuandika ripoti mpya kana kwamba ya zamani haikuwapo. Ripoti nzuri ya pili huanza na ya kwanza: Februari 9 tulikadiria robo tatu itapona, mvua ilinyesha tarehe 17, imepona nusu, kwa sababu mfereji ulijaa mchanga na sisi hatukuuhesabu, ng'ambo ya korongo tumeshafika, na huko hali ni mbaya kuliko huku. Mwenye kuandika hivyo ndiye ambaye mwezi Machi, akisema mahindi ya Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula yaanze kuletwa, ofisi haitatuma gari kwanza kwenda kuhakiki.