R si ya Regnault

Leo niko na neno juu ya silabusi moja ya fizikia inayozunguka kwa fotokopi na kwa simu. Mazoezi yake ni mazuri, sina ubishi. Shida iko kwenye jedwali la konstanti, kule mwisho, penye mwandishi ameongeza safu ya "asili ya herufi". Anasema c ni celeritas, mwendo kwa Kilatini, na R ni Regnault, mtaalamu Mfaransa wa gesi. Basi, imeisha.

Tuchukue R kwanza, kwani sisi watu wa kilimo tunaihitaji tukipiga hesabu ya namna mzizi unavuta maji penye udongo wa chumvi. Clapeyron aliandika R katika makala yake ya mwaka 1834 juu ya nguvu ya joto. Regnault alizaliwa 1810. Wakati ule alikuwa kijana wa miaka 24, na vipimo vyake vya gesi vilivyompa jina vilitoka katika miaka ya 1840. Sasa heshima ile angepewa juu ya kazi gani? Tena R ya Clapeyron haikuwa ile 8.314 tunayokariri: ilikuwa inabadilika kufuatana na gesi na kiasi chake.

Na c je? Mwaka 1856 Weber na Kohlrausch walipima konstanti ya umeme yenye herufi c, lakini c yao ilikuwa mwendo wa mwanga mara √2. Maxwell aliandika V. Einstein mwenyewe, mwaka 1905, kwenye makala ya masi na nishati, nishati aliiita L na mwendo wa mwanga V. E=mc² haimo kabisa! Angefanya mtihani kwetu, asistanti angemkata pointi.

Nasema hivi kwa sababu nimeona kopi ya mwanafunzi aliyeandika V, akaeleza vizuri V ni nini, hesabu ikatoka sawa, akapewa sifuri. Silabusi inayofundisha kwamba herufi ilizaliwa na neno moja njo inazaa msahihishaji wa namna hiyo.

Ningekuwa mwandishi, ningefuta ile safu niweke mbili: nani aliandika herufi hiyo, mwaka gani, na alikuwa anapima nini. Penye hakuna jibu, nafasi ibaki wazi.