Mistari Midogo Juu ya Andiko

Maktaba kuu ya Chuo Kikuu cha Moi, kule Kesses kusini mwa Eldoret, ina jina la mwanamke: Margaret Thatcher. Haya, tuyaache. Mwanamke ninayemtaka leo alifundisha Kiswahili katika chuo hichohicho. Ni Profesa Naomi Luchera Shitemi, mmoja wa wahariri watano wa Women Writing Africa: The Eastern Region, kitabu kilichotolewa na Feminist Press ya New York mwaka 2007. Wenzake walikuwa Amandina Lihamba, M. M. Mulokozi na Saïda Yahya-Othman kutoka Tanzania, na Fulata Moyo wa Malawi. Walikusanya maandishi ya wanawake wa Kenya, Tanzania, Uganda, Malawi na Zambia.

Watu hukisifu kitabu hiki kwa wingi wa sauti zilizomo. Mimi kinanivutia kwa kazi ya mikono ya wahariri. Kabla ya kila andiko utakuta jina la mtunzi, nchi, mwaka na lugha, kisha maelezo mafupi yaliyotiwa sahihi na aliyeyaandika. Mistari hiyo midogo ndiyo iliyowatoa jasho.

Chukua mwaka. Kuna barua ya Sultani Fatima binti Muhammad Mkubwa wa Kilwa, ya 1711, iliyoandikwa kwa Kiswahili katika hati za Kiarabu. Barua za Kilwa za mwaka huo zilisalimika katika hifadhi ya nyaraka ya Goa, India, kwa kuwa zilianguka mikononi mwa Wareno, nao walikuwa watu wa kutunza karatasi. Hapo mhariri hana taabu: mwenye barua anajulikana, na wakati wake unajulikana. Utendi wa Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate nao una 1858 yake. Lakini wimbo wa kubembeleza mtoto ulizaliwa lini? Mwenye kuuimba aliupokea kwa mamake, na mamake kwa bibi. Mhariri anayepanga kitabu kwa miaka hubaki na tarehe moja tu ya kushika, siku wimbo uliponaswa kwenye kinasa sauti au kupigwa chapa. Basi jambo kongwe huonekana changa, likaketi kando ya hotuba ya juzi. Sioni njia iliyo bora, ila msomaji asiyejua hila hii atadhani wanawake walianza kuimba walipofikiwa na mtafiti.

Jina nalo lina mambo yake. Mfululizo wa Women Writing Africa, wenye majuzuu manne, ulikataa kulifungia neno “kuandika” ndani ya kalamu. Nyimbo, hadithi za jioni na maneno ya unyagoni yote yalihesabiwa. Uamuzi huo mmoja ulibeba kitabu kizima, maana bila huo wahariri wangeanza na wasichana wa shule za misheni na kuacha karne nyingi nje. Lakini wimbo usio na mwenyewe utajuaje kuwa ni wa mwanamke? Kiswahili hakisaidii. Tukisema “amekuja, akalia, akaenda zake”, hakuna anayejua kama ni bwana au bibi. Mtu hulazimika kutazama mahali: ni wimbo wa kinuni, wa harusi, wa unyagoni? Waliohudhuria ni nani, na nani alifukuzwa mlangoni? Ushahidi umo katika uwanja, na kazi ya maelezo yale mafupi ni kuuleta uwanja huo ukurasani.

Kisha mfasiri anakutana na Kiingereza, kinachomtaka achague jinsia hapohapo, sentensi ya kwanza. Utata ambao mwimbaji pengine aliupenda, akimsema mume bila kumtaja, unakatwa kwa neno moja. Utenzi unaumia zaidi. Mwana Kupona alitunga ubeti wa vipande vinne vya mizani nane nane, na kipande cha nne cha kila ubeti kinarudi kwenye kina kilekile tangu mwanzo hadi mwisho. Kina hicho ndicho kamba ya kumbukumbu. Kwa hicho wanawake wa Lamu waliweza kuushika utenzi mzima kichwani na kuunakili. Ukiufasiri unabaki na mawaidha ya mama mgonjwa kwa bintiye, na wasomaji wa leo hukimbilia kubishana juu ya utiifu kwa mume. Ufundi wa mtunzi hauonekani hata kidogo.

Hapa ndipo nina neno na kitabu. Mhariri wake mmoja alikuwa mwalimu wa Kiswahili, watatu walitoka nchi ya Kiswahili, na bado juzuu lilitoka kwa Kiingereza. Nafahamu mfadhili na mchapishaji walikuwa wapi, na kuchapa matini asilia pamoja na tafsiri kungekinenepesha kitabu maradufu. Hata hivyo, mwanafunzi wa Kesses anayetaka kusikia kina cha Mwana Kupona itambidi akifunike kitabu hiki, ainuke, aende rafu nyingine.