Wonder: filme nzuri inayoruka kazi yenyewe

Kila mara tukiongea juu ya watoto wenye ulemavu shuleni, hakukosi mtu wa kujibu: « Angalieni Wonder, mutaelewa. » Filme imezunguka kwa mafleshi yetu mpaka wengine wanajua maneno yake kwa kichwa. Mimi nimeiangalia mara mbili. Iko filme nzuri, na mwenye kulia alie. Lakini kama tunaichukua kuwa somo la namna ya kumvusha mtoto kutoka shule ya msingi kwenda sekondari, nasema apana. Ile kazi yenyewe, filme inairuka.

Kwa wenye hawajaiona: ilitoka 2017. Stephen Chbosky aliitengeneza kutokana na kitabu cha R. J. Palacio cha 2012. Auggie Pullman, mtoto wa New York, alizaliwa na uso tofauti, na amepasuliwa mara 27. Mama yake Isabel amemfundisha nyumbani miaka yote. Anapofika mwaka wa tano, ambao kwa shule ile njo mlango wa kutoka shule ya watoto wadogo, wazazi wanaamua aende kusoma na wenzake.

Kuna mambo mawili filme inayafanya vizuri. La kwanza, mbele ya masomo kuanza, mkubwa wa shule, Tushman, anamwita Auggie aje kuiona shule ikiwa bado tupu, na wanafunzi watatu wanamzungusha. Hata hapo mwiba haukosi, juu Julian anamuuliza wazi kuhusu uso wake. Lakini siku ya kwanza ikifika, mtoto anajua mlango uko wapi, na kuna sura ambazo ameshaziona. Kitu kama hiki hakiombi hata franga moja.

La pili, filme inajua mahali ambapo mtoto anaumia. Darasani mwalimu yuko. Ni saa ya kula ndipo Auggie anabaki peke yake kwa meza, mpaka Summer anakuja kukaa naye. Mwenye amefundisha anajua: rekreasio inaweza kumchosha mtoto kuliko hesabu.

Sasa nije kwa lawama yangu.

Auggie ana akili kali, na kwa sayansi ni hodari. Hakuna mwalimu anayelazimika kubadilisha namna ya kufundisha juu yake. Shida yote iko kwa macho ya wengine. Wale wengine wakigeuka, filme imeisha. Lakini mtoto anayesoma polepole? Mwenye kusikia kwa sikio moja? Mwenye kuhitaji aulizwe swali mara mbili? Wema wa Summer hauandiki herufi kubwa kwa tablo. Filme imechagua mtoto ambaye upendo peke yake unaweza kumtosha, halafu inatufundisha kwamba upendo unatosha wote.

Tena, yote yanayojulikana juu ya Auggie yanavuka ndani ya kichwa cha mtu mmoja, mama yake, aliyeacha masomo yake kando kwa ajili yake. Huko Marekani, tangu 1975 kuna sheria inayodai kila mwanafunzi wa elimu maalum katika shule ya serikali awe na mpango wake ulioandikwa, unaoangaliwa upya kila mwaka. Lakini matayarisho ya kuvuka, ile sheria inayadai mtoto akikaribia miaka 16, juu ya maisha ya utu uzima. Kuvuka huku kwa chini, kutoka shule ya msingi, imewaachia walimu na wazazi wajipange. Hapo njo filme ingekuwa na kitu cha kutuambia. Badala yake imempeleka mtoto kwa shule ya binafsi, na mwishoni inampa medali. Watu wanasimama, wanapiga makofi. Mimi nilijiuliza: medali ya nini? Ya kuvumilia. Shule ndiyo ilipaswa kujibu kama ilifanya kazi yake, na ni mtoto ndiye anatunzwa juu ya kuvumilia.

Nimesoma agronomi, basi munivumilie kidogo. Tomati inapotoka kwa kitalu kwenda shambani, haifi juu ni dhaifu. Inakufa juu ya mabadiliko ya ghafla. Kwa hiyo, siku 7 hadi 10 mbele ya kuipandikiza, tunapunguza maji na kivuli kidogo kidogo. Siku yenyewe tunangojea jua lipungue. Na tunaihamisha na udongo wake kwenye mizizi. Ukikung'uta ule udongo, hata shamba likiwa zuri namna gani, umeanza vibaya. Ziara ya Auggie ni kama kupunguza kivuli. Udongo wa kwenye mizizi, filme haikuuona.

Kwetu Congo, kwa karatasi, hakuna hata mto wa kuvuka. Sheria ya 11 Februari 2014 iliunganisha miaka sita ya msingi na miaka miwili inayofuata kuwa elimu ya msingi ya miaka minane. Sheria ya 3 Mei 2022 imekuja kulinda haki za watu wenye ulemavu, na shule ni moja ya haki hizo. Lakini kwa kweli mtoto anamaliza mwaka wa sita, anapita mtihani wa taifa wa mwisho wa msingi, na mara nyingi anabadilisha shule. Alikuwa na mwalimu mmoja siku nzima, sasa anapata kundi la walimu, kila mmoja na saa yake. Kile prefe anachopokea ni pointi. Pointi zinasema mtoto amepita, hazisemi amepitaje.

Kwa avenue yetu kuna kijana, sikio lake la kushoto halisikii. Mwalimu wake wa sita alimweka mbele, upande wa kushoto, ili sikio zima limwelekee, na maswali aliyaandika kwa tablo. Alipita vizuri. Mwaka wa saba, juu ni mrefu, wakamweka nyuma. Akiitwa haitiki. Noeli haijafika, walimu wakawa wanasema ni mkaidi. Sasa mama yake anauliza kama aendelee kulipa minervali ao ampeleke kujifunza useremala. Na muangalie vizuri: hapa hakuna Julian. Hakuna aliyemcheka, hakuna mtu mbaya. Kitu ambacho mtu mmoja alikijua kilibaki kwa shule ya zamani, basi.

Kwa hiyo, wale wanaotaka tuonyeshe Wonder kwa shule, sawa, tuionyeshe. Lakini baada ya filme tuwape walimu wa sita karatasi moja, waandike mistari mitano: mtoto anakaa wapi, anasikia na kuona namna gani, nini kinamchosha, nini kinamsaidia, nani rafiki yake anayeenda naye. Mzazi aisome na akubali, juu si kila kitu cha mtoto ni cha kutangaza. Halafu ile karatasi imfikie titilere wa mwaka wa saba mbele ya septemba, na mtoto aje kuiona shule ikiwa bado tupu, sawa vile Tushman alifanya.

Wengi wetu hapa, tukingojea kazi tuliyoisomea, tunafundisha saa chache kwa sekondari. Basi si lazima tungojee ministeri. Uliza wanafunzi wako wapya wametoka shule gani, chukua simu, umpigie mwalimu wao wa sita. Yeye anajua, na labda hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.